Kutingwa na Shughuli na Kuwa na Mkakati katika Uongozi wa Kanisa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya wachungaji, wazee wa kanisa, wakuu wa idara na makatibu wa kamati ambao jioni ya Jumapili hurudi nyumbani wamechoka kabisa, lakini wakiulizwa kanisa lao linaelekea wapi, hutaja shughuli zilizofanyika badala ya kutaja mahali linakokwenda.

Kutingwa na shughuli na kuwa na mkakati hutofautiana wapi hasa?

Kiongozi aliyetingwa huendeshwa na yanayomfikia: simu iliyoita asubuhi, kikao kilichoitishwa, mwaliko ulioletwa, ugomvi uliozuka kwenye kwaya. Kiongozi mwenye mkakati hupokea simu hizo hizo, lakini kabla hazijaita ameshaamua mambo matatu: kanisa linakusudia kumfikisha mwumini wapi, ni kazi zipi chache zitakazomfikisha huko, na ni kazi zipi, hata kama ni njema, ambazo kanisa halitazifanya kwa sasa. Hilo la tatu ndilo hukosekana mara nyingi. Mabaraza mengi yana orodha ndefu ya mambo yatakayofanyika mwaka huu, lakini ni nadra kukuta baraza lenye orodha, hata fupi, ya mambo waliyokubaliana kutoyafanya.

Kwa hiyo tofauti haiko katika wingi wa kazi. Viongozi wawili wanaweza kuamka saa ile ile na kulala wamechoka sawasawa. Ukimwuliza wa kwanza kwa nini Jumatano alikwenda kwenye mkutano, atajibu kwamba alialikwa. Wa pili atakutajia watu anaowaandaa, na atakueleza mkutano ule uliwasaidia kwa namna gani.

Biblia inasifu bidii. Je, mnataka kusema kwamba bidii ni kosa?

Hapana. Paulo anawaagiza Warumi wasiwe walegevu, na kwa Wakorintho anasema wazi kwamba alifanya kazi kuliko mitume wengine wote. Lakini tazama bidii yake ilivyoelekezwa. Hakukimbilia kila mji. Alikaa Korintho mwaka mmoja na miezi sita, na huko Efeso alifundisha kila siku katika darasa la Tirano kwa miaka miwili, hata watu wote waliokaa Asia wakalisikia neno la Bwana. Alikuwa pia na kanuni aliyoiandikia kanisa la Rumi, kwamba hatajenga juu ya msingi wa mtu mwingine, na kanuni hiyo ilimwondolea safari nyingi ambazo mtu mwenye bidii peke yake angezifunga bila kujiuliza.

Wakati huo huo, Matendo sura ya 16 inaonyesha akizuiwa na Roho kwenda Asia, kisha Bithinia, mpaka akaelekezwa Makedonia. Alikuwa na mpango, na mpango wake ulikubali kugeuzwa. Kiongozi asiye na mpango wowote hana hata cha kugeuziwa.

Je, mkakati si jambo la makampuni? Kanisa huongozwa na Roho Mtakatifu.

Swali hili linastahili heshima, kwa sababu wengi wanaoliuliza wameumizwa na mipango iliyokuja kanisani ikiwa na lugha ya biashara, ikawahesabu waumini kama wateja. Hata hivyo Maandiko hayatenganishi maombi na mpangilio. Nehemia aliposikia kwamba kuta za Yerusalemu zimebomoka, alilia, akafunga na kuomba, na kati ya mwezi wa Kisleu alipopata habari na mwezi wa Nisani aliposimama mbele ya mfalme Artashasta ilipita miezi kama minne. Mfalme alipomwuliza anataka nini, aliomba tena kimyakimya, kisha akajibu kama mtu ambaye katika miezi hiyo alikuwa amewaza kwa kina: alitaja muda atakaokuwa safarini, akaomba nyaraka za kuwaonyesha maliwali, akaomba na barua kwa mlinzi wa msitu wa mfalme ili apewe miti.

Alipofika Yerusalemu hakuitisha mkutano wa hadhara siku ile ile. Alikaa siku tatu, akatoka usiku na watu wachache, akazunguka kuta akitazama palipovunjika, na wakubwa wa mji hawakujua amekwenda wapi. Ndipo akasema na watu. Akagawa kazi kwa koo na kwa vikundi, na wengi wakajenga mbele ya nyumba zao wenyewe, ambako hakuna aliyehitaji kusukumwa. Ukuta ulimalizika kwa siku 52.

Jambo ambalo viongozi wa leo wanalihitaji zaidi katika habari hiyo limo katika sura ya 6. Adui zake walimwalika wakutane katika uwanda wa Ono, wakamwita mara nne, na mara zote nne alijibu kwamba anafanya kazi kubwa na hawezi kushuka. Nehemia alijua wanakusudia kumdhuru. Mialiko mingi inayotufikia sisi hutoka kwa ndugu na marafiki wasio na nia mbaya hata kidogo, na kwa sababu hiyo ni migumu zaidi kuikataa.

Habari ya Musa na Yethro inatufundisha nini zaidi ya kugawa kazi?

Katika Kutoka sura ya 18, Yethro, baba mkwe wa Musa, anamkuta Musa ameketi kuwaamua watu, na watu wamesimama kumzunguka tangu asubuhi hata jioni. Anamwuliza maswali mawili: ni jambo gani hili uwafanyialo watu, na kwa nini unaketi peke yako? Musa anajibu kwa sababu watu humjia. Jibu hilo ni la kweli, na ndilo jibu la kila kiongozi aliyetingwa: kazi yake imeamuliwa na wanaokuja.

Yethro hamwambii apumzike, wala hamwambii awafukuze watu. Anamweleza kazi tatu zinazobaki kuwa zake: awe kwa ajili ya watu mbele za Mungu, awafundishe sheria na njia wanayopaswa kuiendea, na achague watu wenye uwezo, wamchao Mungu, wa kweli, wanaochukia mapato ya udhalimu, awaweke wawe wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi. Mashauri makubwa tu ndiyo yaletwe kwake.

Yako mambo mawili hapa ambayo mahubiri huyapita haraka. La kwanza, Yethro anasema kwamba watakaodhoofika ni Musa pamoja na watu wenyewe. Foleni ile iliwachosha waliosimama kama ilivyomchosha aliyeketi. Mchungaji anapokuwa mlango pekee wa kupitishia kila jambo, kuanzia ushauri wa ndoa hadi ufunguo wa stoo, waumini ndio wanaokaa juani wakingoja. La pili, sifa nyingi zilizotakiwa zilikuwa za tabia, si za ujuzi. Kugawa kazi kwa yeyote aliyejitolea kwanza ni njia nyingine ya kutingwa, kwa kuwa baada ya miezi michache mchungaji atakuwa anasuluhisha matatizo ya wale aliowapa kazi.

Tutajuaje kwamba kanisa letu limetingwa lakini halina mkakati?

Someni kumbukumbu za vikao vyenu. Nilipokuwa katibu wa baraza la wazee katika kanisa moja, niliombwa kupitia kumbukumbu za mwaka mzima ili kuandaa taarifa. Nilikaa mezani na kalamu mbili. Kwa nyekundu niliweka alama kila palipojadiliwa viti, vipaza sauti, sare za kwaya, zamu za usafi na tarehe za semina. Kwa bluu niliweka alama kila palipotajwa mtu kwa jina pamoja na hatua ya kumsaidia akue katika imani au katika huduma. Kurasa zilijaa wekundu. Alama za bluu zilikuwa mbili, na zote mbili zilimhusu kijana mmoja ambaye wakati huo alikuwa ameshaacha kuja. Tulikuwa tumejadili kutokuwepo kwake, tukaandika kwamba atembelewe, na kikao kilichofuata kikaanza na agenda ya maturubai.

Sikuweza kuisoma taarifa ile mbele ya wenzangu bila kusimama katikati. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa mvivu. Wote tulikuwa tumekesha na kuchangia, na tulikuwa tumeacha shughuli za nyumbani kwa ajili ya kanisa.

Ziko dalili nyingine. Ratiba ya mwaka huu ni ile ya mwaka jana iliyobadilishwa tarehe. Watu wale wale kumi hutajwa katika kila kamati. Mgeni huja Jumapili tatu mfululizo na ya nne haonekani, na hakuna anayejua jina lake. Mchungaji hutayarisha mahubiri usiku wa Jumamosi, kwa sababu siku nyingine sita zimekwisha kwenye mambo ambayo yeyote angeweza kuyafanya.

Martha alikosea kutumika?

Luka hasemi hivyo. Anasema Martha alikuwa akihangaika kwa utumishi mwingi, na Yesu anamwambia kwamba anafadhaika kwa mambo mengi, ilhali kinachotakiwa ni kitu kimoja. Kilichokemewa ni mahangaiko na wingi wa mambo. Chakula kilihitajika, na katika Yohana sura ya 12 Martha anaonekana tena akitumikia mezani, safari hii bila kulalamika wala kukemewa.

Tuanzie wapi kutengeneza mkakati?

Anzeni na sentensi moja, na msiinuke mezani mpaka mmekubaliana juu yake. Sentensi hiyo ieleze mtu, isieleze kanisa. Kusema "tunataka kuwa kanisa lenye nguvu" hakumsaidii anayepanga ratiba. Lakini mkiandika kwamba mwumini mpya, ndani ya miaka miwili, awe anaweza kusoma Neno na kulielewa mwenyewe, anaomba na watu wa nyumbani mwake, na ameanza kumlea mwingine, mmejipatia kipimo. Paulo alimpa Timotheo kipimo cha namna hiyo katika waraka wa pili: aliyoyasikia awakabidhi watu waaminifu watakaofaa kuwafundisha na wengine. Katika mstari huo mmoja kuna vizazi vinne vya waamini.

Kisha chukueni kila shughuli ya kanisa, moja baada ya nyingine, mkaiulize inamsogezaje mtu huyo. Nyingine zitajibu mara moja. Nyingine zitajibu kwa taabu, na hizo zinahitaji kurekebishwa. Nyingine zitajibu tu kwamba zimekuwepo siku zote. Zoezi hili lisifanywe kwa jioni moja baada ya ibada, watu wakiwa na njaa na watoto wakilia mlangoni. Tengeni siku nzima, au mbili, na muda wa kutosha wa maombi. Bwana mwenyewe alisema kwamba anayetaka kujenga mnara huketi kwanza na kuhesabu gharama. Kuketi ni sehemu ya kazi.

Ipo mifano ya viongozi wa kanisa waliofanya hivi?

Ipo mingi, nami nitataja miwili. Katika karne ya 17, Richard Baxter alikuwa mchungaji huko Kidderminster, Uingereza, katika parokia yenye familia zaidi ya 800. Alihubiri kwa bidii, lakini aliona kwamba wengi waliosikia mahubiri kwa miaka hawakuelewa misingi ya imani. Yeye na msaidizi wake wakatenga Jumatatu na Jumanne, tangu asubuhi hadi karibu na usiku, kuzungumza na familia moja moja, kama 15 au 16 kwa wiki, ili parokia yote ipitiwe ndani ya mwaka. Hesabu ni rahisi, lakini nyuma yake yapo maamuzi mazito: siku mbili hizo zilifungwa kwa ajili ya kazi moja, na kila kilichozitaka kilipaswa kungoja.

Mfano wa pili ulianza na deni. Mwaka 1742 huko Bristol, Uingereza, wafuasi wa John Wesley, mhubiri aliyeanzisha harakati ya Wamethodisti, walikuwa wakitafuta namna ya kulipia jengo lao, na ikapendekezwa kila mshirika atoe peni moja kwa wiki. Mtu mmoja aliposema kwamba wengi ni maskini, nahodha mmoja alijitolea kupewa wale kumi na mmoja walio maskini zaidi, awatembelee kila wiki, na asiyeweza kutoa yeye amlipie. Walipoanza kuzunguka nyumba kwa nyumba, viongozi hao waligundua hali halisi ya watu: nani anateseka, nani amerudi nyuma, nani ana ugomvi na mkewe. Wesley akatambua kwamba hicho ndicho alichokuwa akikitafuta kwa muda mrefu, na vikundi vya watu kama kumi na wawili vikawa uti wa mgongo wa malezi ya Wamethodisti. Mipango ya fedha ipo katika kila kanisa. Wesley alitazama vizuri yaliyokuwa yakitokea, akatambua ni lipi la kulikuza.

Tunaachaje shughuli bila kuwaumiza walioianzisha?

Hapa ndipo mikakati mingi hufia, na ndipo upendo wa viongozi hupimwa. Kila shughuli ina mtu. Nyuma ya mkutano wa maombi wa alasiri unaohudhuriwa sasa na watu wanne kuna mama aliyeuanzisha miaka ishirini iliyopita, akaufungua mlango kwa ufunguo wake mwenyewe wakati wa mvua na wakati wa jua. Akisikia kwenye matangazo ya Jumapili kwamba mkutano wake umefutwa, mmemvunja moyo, na mmewafundisha wote waliosikia kwamba uaminifu wao unaweza kufutwa kwa sauti ya kipaza sauti.

Mwendeeni nyumbani, tena mapema, kabla kikao hakijaamua lolote. Aende mchungaji mwenyewe pamoja na mzee anayemfahamu. Semeni naye kama watoto wake: "Mama, maombi haya yametulea. Tumekuja kukuuliza unaonaje yakihamia kwenye nyumba za watu, nawe ukae na hawa vijana wanaoanza kuyaongoza, wajifunze kwako." Mara nyingi mtakuta alikuwa ameshaona kupungua kwa watu kabla yenu, ameliombea jambo hilo peke yake, na alikuwa akingoja mtu wa kumwambia. Akikataa, msikilizeni, huenda anajua jambo msilolijua. Ikilazimika shughuli ikome, ikome kwa ibada ya shukrani, na majina ya waliotumika yasomwe mbele ya wote.

Msiiache ife polepole kwa kuinyima watu na fedha huku mkisema bado ipo.

Mchungaji hawezi kupangia misiba na wagonjwa. Mkakati utasaidiaje?

Mkakati mzuri huacha nafasi kwa ajili ya mambo hayo, na ratiba iliyojaa hadi pembeni ndiyo isiyo na nafasi. Yesu alipokuwa njiani kwenda nyumbani kwa Yairo, alisimama kwa ajili ya mwanamke aliyegusa vazi lake. Hakumwambia aje kesho. Lakini Yesu huyo huyo, katika Marko sura ya 1, alipoambiwa asubuhi kwamba watu wote wanamtafuta, alijibu twende mahali pengine, kwenye vijiji vilivyo karibu, apate kuhubiri huko nako, maana kwa hiyo alitokea. Jibu hilo alilitoa baada ya kuamka alfajiri na kuomba mahali pasipokuwa na watu.

Mitume nao katika Matendo sura ya 6 hawakuwapuuza wajane waliosahauliwa katika huduma ya kila siku. Walikiri tatizo, wakaagiza wachaguliwe watu saba wenye sifa njema, waliojaa Roho na hekima, nao wenyewe wakadumu katika kuomba na katika huduma ya Neno. Wajane walihudumiwa vizuri zaidi kuliko kama mitume wangejaribu kuhudumu mezani wenyewe katika muda uliobaki.

Kanisa letu ni dogo. Je, tunahitaji haya?

Ndiyo, na kwenu ni rahisi zaidi. Watu thelathini mnaweza kuwataja wote kwa majina, na mkakati wenu unaweza kukaa kwenye ukurasa mmoja wa daftari.

Tulishaandika mpango mkakati ukaishia kabatini. Kwa nini?

Kwa kawaida ni kwa sababu haukugusa kalenda wala bajeti. Mpango ukisema malezi ya vijana ni kipaumbele, kisha mfuko wa vijana ukabaki kama ulivyokuwa na jioni za mchungaji zikabaki kwenye kamati zile zile, basi mkakati halisi wa kanisa ni ule ulioko kwenye kalenda na bajeti, na ule wa kabatini ni maandishi tu. Sababu nyingine ni kuandika "kanisa litafanya" pasipo jina la mtu wala mwezi. Chagueni mambo mawili au matatu, kila moja liwe na mhusika, na kila baada ya miezi mitatu kikao kianze nayo kabla ya viti na maturubai.

Mimi ni mzee wa kanisa tu, na mchungaji wetu hataki kusikia habari hizi. Nifanye nini?

Mfuate Yethro tangu mwanzo wa sura. Alipofika, kwanza alimsikiliza Musa akisimulia yote ambayo Bwana ametenda, akafurahi pamoja naye, akamtolea Mungu dhabihu, na wakala chakula pamoja na wazee wa Israeli. Siku iliyofuata alitazama kazi ya mkwewe. Aliuliza kabla ya kushauri. Alisema naye mwenyewe, hakusema na wale waliokuwa kwenye foleni. Na alipotoa shauri, aliliweka chini ya mapenzi ya Mungu, akisema ukifanya jambo hili, na Mungu akikuagiza hivyo, ndipo utakapoweza kusimama.

Nenda kwa mchungaji wako siku ambayo hana ibada. Mshukuru kwa mambo unayoyajua kwa hakika kwamba ameyafanya. Mwulize ni kazi gani angependa kuifanya kama angepata siku mbili kwa wiki, kisha mwambie ni mzigo gani uko tayari kumpokea, na uutaje kwa jina: kusimamia stoo, kupokea wageni, kuongoza kikao cha ujenzi. Ubebe mzigo huo miezi mitatu bila kumrudishia. Mazungumzo ya pili yatakuwa marefu kuliko ya kwanza.